Sifa za Ufito Uliovunjika

Watu wengi hudhani ya kwamba ufito wa kuvulia samaki si kitu cha kumtaabisha fundi, kwa kuwa mianzi huota yenyewe mabondeni chini ya Uluguru, na mtoto yeyote wa Mikese mwenye panga na kipande cha mshipi aweza kuukata asubuhi na jioni akarudi na perege wa kitoweo. Dhana hiyo haikukosea yote, maana ufito wa siku moja ni rahisi kupatikana. Lakini ufito uliotumika miaka mingi, ukauzoea mkono wa mwenyewe, kisha ukapasuka au ukavunjika, huo kuurejesha kazini ni sanaa kamili, nami naiweka sanaa hiyo juu ya ile ya kuunda mpya, kwa sababu aundaye kipya huchagua apendacho, ilhali afufuaye cha kale hana budi kwanza kukitii.

Wakati wake ni masika. Toka Machi hata Mei, Mto Ngerengere, ushukao katika milima ya Uluguru na kupita Morogoro kabla ya kushika njia ya mashariki kwenda kuungana na Ruvu, huja umejaa na rangi ya udongo, na mwenye akili huketi barazani. Hapo ufito huteremshwa darini, ambako moshi wa jiko umeulinda na wadudu wabunguao mianzi, ukafunguliwa nyuzi zake kuukuu, ukakwanguliwa, ukasuguliwa kwa msasa kwa kufuata urefu wake. Tahadhari moja ni faradhi: ganda la nje lisiondolewe zaidi ya uchafu wake. Mwanzi ni mtupu ndani, na nyuzinyuzi zake ngumu zimesongamana karibu na ganda. Apigaye randa ili ufito upendeze huupunguzia nguvu pale pale nguvu zilipokaa. Vifundo navyo viachwe, japo jicho huviona kasoro, kwani ndivyo vizuiavyo mwanzi usibonyee unapopinda. Ikiwa ufito umekwenda tenge kwa kuegemezwa ukutani, hupitishwa juu ya makaa yasiyo na ndimi za moto, ukizungushwa daima, hata ulainike. Kisha hunyoshwa taratibu na kushikiliwa hivyo mpaka upoe, maana ukiachwa ungali moto hurudia upogo wake.

Mafundi wa Marekani katika karne ya 19 walishika njia nyingine: waliupasua mwanzi, wakaunganisha vipande sita kwa gundi hata wakapata ufito usio na uwazi ndani, na kazi yao ikasifiwa kwa haki. Lakini ile yataka karakana na vipimo vya unywele. Ya kwetu yataka kisu, tupa, jiko la makaa na subira.

Pahali pamjaribupo fundi ni pale palipovunjika. Wengi hukimbilia bomba la chuma, wakalivisha juu ya mvunjiko na kulikaza kwa waya, na ufito huonekana mzima kuliko ulivyokuwa. Hasha! Bomba halipindi, basi kani yote ya kambale avutaye kuelekea matopeni hukusanyika kwenye ukingo wa bomba, na mwanzi huvunjika tena hapo, mara hii karibu zaidi na mkono. Kosa lao ni kutaka nguvu mahali palipotakiwa wepesi wa kupinda. Tiba iliyo sahihi, hasa katika sehemu ya juu ambako uwazi wa ndani ni mdogo, ni kukata ncha zote mbili mshazari, mkato uwe na urefu wa mara nane au kumi ya unene wa ufito, ncha zilale moja juu ya nyingine zisipitishe mwanga, zitiwe gundi, ndipo zifungwe uzi. Palipo na uwazi mkubwa, hutangulizwa ndani kijiti cha mwanzi kilichochongwa wembamba kila upande, ili ugumu upungue kidogo kidogo wala usikome ghafla.

Katika kufunga uzi ndimo nionamo uzuri wote wa kazi hii, na sioni haya kukiri kwamba hufunga hata pasipohitaji. Uzi hupakwa nta ya nyuki. Mwanzo wake hulazwa chini ya mizunguko ya kwanza ukafungwa na uzi wenyewe. Mizunguko hukazwa sawasawa, kila mmoja ukigusana na mwenzake, kama askari katika gwaride. Na mwisho wake huvutwa kwa kitanzi ukafichwa chini ya mizunguko ya mwisho, hata usipate kuona fundo lolote. Kwa mpini uzi huo ni laini mno. Hapo hufaa kamba ya mkonge, mmea ulioletwa Tanganyika mwaka 1893 na ukapata mashamba mapana katika pande zetu za Morogoro, kwa sababu haitelezi kiganjani penye ute wa kambale.

Mwenye kutaka kuuzidishia ufito wake sifa usizokuwa nazo aweza kuutia pete za kupitishia mshipi, zilizokunjwa kwa spoki ya baiskeli kuzunguka msumari. Miguu ya pete isuguliwe kwa tupa hata iwe bapa, uzi upate kuipanda bila kujikwaa, na pete zikaribiane kadiri ziendavyo kileleni, ambako ufito hupinda zaidi.

Mwisho ni vanishi, nayo haipakwi katika masika, kwa maana hewa yenye unyevu huiacha na ukungu. Husubiri kipupwe cha Juni. Zamani asili ya vanishi ilikuwa kwetu: sandarusi, iliyochimbwa ardhini huku Mrima, iliwavuta Unguja wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na mwaka 1833 Sultani Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani. Leo twanunua ya kopo. Sioni haja ya kuililia sandarusi. Lililo kubwa ni kupaka nyembamba, kungoja ikauke kabisa, na kupaka tena.

Madukani Dar es Salaam ziko fimbo za kisasa, nyepesi na zenye rangi za kumeremeta, wala sizitukani, kwa kuwa huvua. Lakini basi likishakuletea moja hata Mikese, unachokijua juu yake ni bei tu. Kwa hiyo, msomaji, ikiwa nyuma ya mlango wako umeegemezwa ufito wa baba au wa babu, nakusihi usiuache ukawa kuni. Anza kwa kuufungua nyuzi zake, na gundi uinunue baadaye, ukishajua ulipoumia.