Wapogoaji wa Nyambene

Kisu cha baba mkubwa kimenolewa miaka mingi hata bapa lake limeliwa, limebaki jembamba kama ulimi wa kinyonga. Mpini wake ni wa mti mgumu, umeng'aa kwa jasho la kiganja kimoja. Hakimenyi viazi, hakichinji kuku. Ni kisu cha miraa tu. Asubuhi tuliyokutana Nchiru, kando ya barabara itokayo Meru kwenda Maua, alikuwa amekivingirisha katika kipande cha gunia na kukitia mfukoni mwa koti pamoja na jiwe la kunolea, kama mganga aliyeitwa nyumbani kwa mgonjwa.

"Muuga, mwanangu," alinisalimu, kisha akatazama miguu yangu. "Viatu hivyo vitakusumbua leo."

Baba mkubwa ni mpogoaji. Kazi hii haina chuo wala cheti. Mtu huitwa shambani kwa jirani kwa sababu miti aliyoigusa mwaka juzi imechipua vizuri. Akiharibu mara mbili, haitwi tena. Yeye ameitwa tangu ujana wake, kote Igembe na Tigania huku Meru, na sasa amepita miaka 70. Nilimwomba siku moja tu, tangu alfajiri hadi giza, anitembeze katika miti anayoiheshimu. Nilikuwa na deni naye ambalo hakulijua.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa Beijing kwa mafunzo, nilishinda siku nzima katika bustani ya Kasri la Kiangazi. Mfalme Qianlong alianza kuitengeneza mwaka 1750 kwa heshima ya mama yake. Ziwa lilichimbwa likapanuliwa, udongo wake ukarundikwa juu ya kilima, na kilima kikaitwa cha Maisha Marefu. Majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliichoma bustani hiyo mwaka 1860; Cixi, mama wa kifalme, akaijenga upya; tangu 1998 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Nilipita ujia wa mbao uliopakwa rangi kwa urefu wa mita 728, nikapanda ngazi za kilima, nikazunguka ziwa hadi daraja lenye matao 17, na jua lilipoanza kushuka magoti yalikuwa yanatetemeka. Lakini kilichonikaa moyoni si mapaa ya vigae wala mashua za watalii. Ni mwanamume mmoja juu ya ngazi, anapogoa msonobari. Alikata kijiti kimoja, akashuka, akaenda mbali kuutazama mti, akarudi, akapanda, akakata kingine. Nilisimama nikimtazama karibu saa nzima. Namna alivyoinamisha kichwa kabla ya kukata, namna mkono wa kushoto ulivyolishika tawi kwanza kana kwamba unaliomba radhi, nilikuwa nimeiona kabla sijajua kusoma. Alikuwa baba mkubwa mtupu.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kwa nini yule tunamwita fundi wa bustani na huyu wetu tunamwita kibarua.

Tulianzia Nchiru kwa sababu mzee hawezi kupita hapo bila kusimama. Ndipo makao ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Meru. Mimi si mzee wa Njuri, nikaishia nje. Baba mkubwa alivua kofia, akakaa kimya kitambo, akaivaa tena. Wameru hatukuwa na mfalme wa kujengewa kasri. Tulikuwa na wazee waliokaa wakasikiliza, wakakata shauri, na neno lao likashika kwa nguvu ya kiapo na hofu ya laana, pasipo askari mlangoni. Kuwafikia kulikuwa na adabu yake, na katika adabu hiyo miraa ilikuwa na kiti. Fungu maalumu liitwalo ncoolo, lililofungwa kwa namna yake, lilitangulia posa ya binti, na ndilo lililobeba ombi la mtu mbele ya wazee. Aliyelipokea alijua ameitwa kwa jambo zito. Mti uliotoa fungu kama hilo haukuweza kutunzwa ovyo.

Matatu ilitushusha Kangeta ukungu ukiwa bado umelala mabondeni. Kutoka hapo ni miguu. Milima ya Nyambene ilizaliwa na volkano. Imejipanga kutoka ubavuni mwa Mlima Kenya kuelekea kaskazini-mashariki, na udongo wake mwekundu ukilowa hunasa kiatu kama ulezi uliopikwa. Tulipanda, tukateremka bonde, tukavuka kijito juu ya gogo, tukapanda tena. Kila ukingo ulikuwa na zawadi yake. Upande mmoja ardhi iliporomoka hadi nyanda kavu za Isiolo, rangi ya ngozi ya simba. Upande wa pili, kwa mbali, palikuwa na ukijani wa mito inayoshuka kuutafuta Mto Tana. Kufikia saa sita shati langu lilikuwa limegandamana na mgongo na mapaja yanawaka. Mzee alikuwa akipumua kwa pua.

Apitaye na gari huona vichaka tu. Ingia ndani. Chini ya miti ya miraa mwanga ni wa kijani na mweupe, umechujwa, na ardhi imefagiwa na vivuli. Mashina ni ya kijivu, yamejaa nundu, yamepinda kama viwiko, na kila penye kiwiko mkono wa mtu ulipita. Mti huu ukiachwa msituni hupanda wima, mita 20 na zaidi, na majani yake huwa ya tumbili na ndege. Hapa umefunzwa kuwa mpana na mfupi, matawi yamefunguliwa kama vidole vya mtu anayepokea kitu kwa mikono miwili. Kijana mwepesi hupanda akavuna ncha zote bila kuvunja hata kitawi. Katikati ya miraa husimama muuru, ule mti wa mbao ambao Wazungu waliuita mwaloni wa Meru. Viazi vikuu vimepandishwa juu ya miti ya kuviegemeza, migomba imejazwa penye unyevu. Huwezi kusema ni msitu, huwezi kusema ni shamba. Ni kazi ya vizazi, na hakuna mchoraji aliyeichora kwanza kwenye karatasi.

Nilimtazama akifanya kazi katika mti wa mwenyeji wake wa kwanza. Alizunguka mara tatu bila kuugusa. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Nautafuta unakotaka kwenda," alisema. "Nikishajua, naukatalia polepole."

Kukatalia polepole, hapo ndipo ufundi wote ulipo. Miraa ya huku haipandwi kwa mbegu; hung'olewa chipukizi shinani mwa mti unaojulikana tabia yake, likapandwa, likangojwa miaka. Linapotaka kukimbilia juu, kilele hukatwa, nguvu zikarudi pembeni. Matawi yanayoelekea ndani huondolewa ili jua lifike kifuani mwa mti. Yanayosuguana hutenganishwa. Baada ya hapo kuvuna kwenyewe huwa ndiko kupogoa, maana kila ncha inayochumwa huamsha macho yaliyolala chini yake, na wiki chache baada ya mvua mti mzima huwa umevaa wekundu wa majani machanga. Mvunaji mwenye pupa huchana gome kwa kuvuta badala ya kukata, naye hujaza gunia leo na kuacha kidonda cha miaka. Mzee ana desturi yake: penye machipukizi manne huchuma matatu. La nne haliulizwi bei.

Tulipofika kwenye mti mkubwa kuliko yote, shina ambalo mikono yetu wawili haikukutana nyuma yake, alikaa chini kwanza. Miti mikongwe namna hiyo huitwa mbaine, na wazee husema jina hilo ni la rika la kale. Miraa ya mbaine ina bei yake na heshima yake. Alinionyesha mikato mmoja mmoja, akiigusa kwa ncha ya kisu kilichofungwa kwa gunia. Huu mpana, uliozibwa na gome nono kama mdomo, ulikatwa kabla baba yake hajazaliwa. Huu ni wa baba yake. Huu alioukata akiwa kijana, aliukata karibu mno na shina, na mti ulichukua miaka kupona. Alitumia kidole, si kisu, kunionyesha huo, na akakiacha kidole hapo kwa muda. Sijaona mtu akisoma kosa lake la miaka 50 kwa utulivu kiasi kile.

Najua mti huu hufanya nini kwa watu wanaoutafuna. Nimekua na jamaa ambao hawalali, meno yamechakaa, karo ya watoto imetafunwa ikamalizwa usiku mmoja. Sitaki kumsifu fundi kwa kuficha mazao ya kazi yake. Mwezi Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka, ndugu wa miraa atokaye Mbeere katika kaunti ya Embu, na mahakama mjini Embu ikasimamisha marufuku hiyo siku chache baadaye. Nilisikia kina mama wa Pwani wakilia redioni kuhusu vijana wao, nikawaamini. Nilisikia pia wakulima wa Kiritiri wakiuliza watoto wao wasome kwa fedha zipi katika ardhi ile kavu ambako mahindi hukauka yakiwa goti, nikawaamini nao. Pande zote mbili zinasema kweli, na kweli hizo hazijapatana.

Baba mkubwa, kwa upande wake, hakubali hata kuuita muguka mti. Hufugwa kuwa kichaka cha kufika kiunoni, na huchumwa majani laini tu, si vijiti. Hapo nakosana naye. Nimewaona wachumaji wa Mbeere wakipita mistari ya vichaka asubuhi, vidole vikienda mbio bila kuumiza shina, wakijua kwa kugusa tu jani lipi limekomaa zaidi ya kiasi. Mti ni uleule, ardhi ni nyingine, na mkono umejifunza kile ardhi iliruhusu. Ufundi wa mahali pakame haupungukiwi kitu kwa kuwa mfupi.

Uholanzi ilipoifunga milango yake kwa miraa mwaka 2013, na Uingereza mwaka 2014, pigo lilifika hadi kwenye visu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 iliitambua miraa kuwa zao, lakini soko lililokwenda halikurudi kwa sheria. Tulipita shamba moja ambalo wenyewe walikata tamaa wakati ule. Hakuna aliyepogoa tangu hapo. Miti ilikuwa imejirusha juu, myembamba, matawi yamefungamana, kifuani giza. Mzee hakusema neno. Alinyoosha mkono akakata kitawi kimoja kikavu kilichokuwa usawa wa jicho lake, akakiweka chini vizuri, tukaendelea. Shamba lililofuata lilikuwa la mikaratusi iliyopangwa mistari, na humo tulitembea haraka.

Vijana wanaovuna wapo, na wana nguvu. Miraa haingoji, baada ya siku mbili hivi utamu wake umekwisha, ndiyo maana hufungwa kwa majani ya mgomba ingali na umande na kukimbizwa na magari usiku kucha. Haraka hiyo imeingia katika mikono yao. Nilimwuliza mzee kama amempata wa kumrithisha kisu. Akasema yuko mjukuu wa jirani, msichana wa miaka 14, ambaye hapandi mti kabla hajauzunguka. "Wamemwambia si kazi ya wasichana," alisema. "Mimi nimemwambia aje Jumamosi."

Jua lilitukuta juu ya ukingo wa mwisho, katika miti yake mwenyewe. Nilikuwa nimevua viatu, nyayo zimechubuka, nikaegemea shina. Yeye alikuwa bado na kazi moja. Tawi moja nene upande wa magharibi lilikuwa limezeeka, halichipui tena, na alikuwa amelifikiria, aliniambia, tangu mvua za mwaka jana. Alinoa kisu kwanza. Kwa tawi lile akachukua msumeno, akakata kwa chini kidogo ili gome lisichanike, kisha kwa juu, akalishika lisidondoke. Kisu kikaja mwisho, kulainisha ukingo wa jeraha hadi likawa duara safi.

Katika karne ya 17 Mchina mmoja, Ji Cheng, aliandika kitabu cha utengenezaji wa bustani, Yuanye, na ndani yake akafundisha kuazima mandhari, yaani kupanga miti na nafasi hata mlima usio wako uonekane kana kwamba umo katika bustani yako. Pale Beijing mnara uliosimama kwenye kilima cha nje ya bustani huonekana hivyo kutoka ziwani. Nilikuwa nimeisahau habari hiyo. Tawi liliposhuka mikononi mwa mzee, pengo likafunguka, mawingu ya jioni yalikuwa yameinuka, na Kirimaara, yaani Mlima Kenya, ukasimama ndani ya pengo lile, vilele vyeusi, theluji kidogo ubavuni, karibu kama kitu cha kuokota.

Nilimwita auone. Alikuwa amepiga goti, anapaka udongo wenye maji kwenye jeraha kwa kidole gumba, akizungusha polepole kutoka nje kwenda katikati.

"Upo kila siku," alisema bila kugeuka. "Nishikie hilo tawi, lisiangukie viazi."