Nani Anaambiwa? Kuzisoma Upya Tungo za Sifa

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, mpe mwanafunzi wa kidato cha nne shairi la kusifu kisha umwulize linahusu nini. Atakujibu upesi kwamba mshairi anamsifu fulani. Atahesabu mishororo, ataonyesha vina vya ndani na vya nje, ataandika kwamba shairi ni tarbia, kisha ataweka kalamu chini. Majibu hayo si makosa, na alama zake zipo. Hata hivyo, yanaacha nje swali lililo roho ya utungo wa aina hii: ni nani anayeambiwa maneno haya, na anatarajiwa afanye nini akishayasikia?

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba shairi la sifa ni maneno yanayoelekezwa kwa mtu kabla hayajawa maelezo juu ya mtu huyo. Anayesifiwa hupewa jina jema mbele ya watu, na tangu hapo huwa anadaiwa alitimize jina hilo. Kwa ufupi, sifa ni deni. Tutaanza na istilahi, tutapitia mifano ya Pwani yetu, ya Uingereza na ya Marekani katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, kisha tutaona mwalimu wa Voi au Taveta anaweza kufanya nini na hoja hii darasani.

Istilahi tunazozihitaji

Vitabu vya fasihi simulizi vinataja sifo kama tungo za kusifu kwa jumla. Chini yake huwekwa pembezi, ambazo husifu watu wa kipekee, na tondozi, ambazo aghalabu husifu wanyama na vitu. Majigambo, au vivugo, ni tungo ambazo mhusika hujisifu mwenyewe. Mipaka hii hutofautiana kidogo kutoka kitabu kimoja hadi kingine, kwa hivyo mwanafunzi asiikariri kama sheria. Muhimu ni aweze kueleza kwa nini utungo ulio mbele yake ni wa aina aliyoitaja.

Nafsineni ni sauti inayozungumza katika shairi. Nafsinenewa ni yule anayezungumziwa moja kwa moja, yaani anayeitwa "wewe" au "nyinyi". Ritifaa ni kumsemesha mtu asiyekuwepo, aliyekufa, au kitu kisichoweza kujibu, kana kwamba kipo na kinasikia. Hapa watahiniwa wengi huteleza. Wakiona neno "ewe" mara moja huandika "ritifaa". Mgeni wa heshima aliyekaa jukwaani akisomewa shairi yupo na anasikia, kwa hivyo kumwambia "ewe mgeni wetu" si ritifaa. Kumwambia marehemu "amka ututazame" ni ritifaa. Kabla ya kuitaja mbinu hii, sharti tujue kwanza nani yupo na nani hayupo.

Kwa maoni yangu, tunahitaji kuongeza mtu wa tatu: msikilizaji wa pembeni. Huyu hatajwi katika shairi, lakini maneno yanamfikia. Mara nyingi ndiye sababu ya shairi kutungwa.

Mombasa ya Muyaka

Muyaka bin Haji anakadiriwa kuwa alizaliwa mwaka wa 1776 na kufariki mwaka wa 1840. Aliishi Mombasa wakati ukoo wa Mazrui ulipokuwa ukiutawala mji huo, nao Oman ikitaka kuuweka chini ya Seyyid Said bin Sultan. Tungo zake zilihifadhiwa hasa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeshirikiana na mmisionari W. E. Taylor, na diwani yake ilitolewa na William Hichens mwaka wa 1940. Uchunguzi wa Mohamed Abdulaziz uliochapishwa mwaka wa 1979 umekuwa msaada mkubwa kwa walimu.

Muyaka aliusifu mji wake na watawala wake. Hata hivyo, zisome tungo zake za kisiasa ukiuliza nani anaambiwa. Utaona kwamba mara nyingi mwenye kusemeshwa ni adui aliye ng'ambo ya maji: watu wa Lamu, au wale waliofungamana na Seyyid Said. Wakati wa uhasama uliozaa vita vya Shela, takriban mwaka wa 1812 au 1813, malenga wa Lamu kama Zahidi Mngumi nao walikuwa na tungo zao. Ushairi ulivuka bahari, ukajibiwa.

Sifa za Mombasa, basi, zilikuwa na kazi mbili kwa pamoja. Adui aliambiwa kwamba mji una wenyewe. Watu wa Mombasa wenyewe, wasikilizaji wa pembeni, waliambiwa wasije wakautia mji aibu. Anayeitwa shujaa mbele ya jirani zake hawezi kukimbia kesho yake bila watu kulikumbuka shairi. Utawala wa Mazrui ulianguka mwaka wa 1837, miaka michache kabla ya kifo cha Muyaka. Nguvu za shairi hazikuuokoa, lakini tungo zimedumu kuliko ngome za siasa za wakati ule. Zinatuonyesha kwamba kusifu kulikuwa kazi ya hadharani yenye hatari zake.

Si tungo za vita pekee. Hamziya ya Kiswahili, iliyotungwa na Sayyid Aidarus wa Pate kwa kufuata kasida ya Kiarabu ya al-Busiri, humsemesha Mtume mwenyewe. Yeye hayupo kwa mwili, na msomaji hutarajia baraka. Waumini waliokusanyika nao husikiliza, hivyo wanakumbushwa mwenendo wanaopaswa kuufuata. Watatu wetu wamo tena: anayenena, anayeambiwa na anayesikiliza pembeni.

Uingereza: sifa za mshahara na sifa za kejeli

Katika karne ya 18 Waingereza walikuwa na desturi ambayo msomaji wetu ataitambua haraka. Mfalme alikuwa na mshairi wake rasmi, aliyelipwa na kutarajiwa kutunga sifa kila Mwaka Mpya na kila siku ya kuzaliwa kwa mfalme. Colley Cibber alishika cheo hicho kuanzia mwaka wa 1730 hadi alipofariki mwaka wa 1757, na wenzake walimcheka sana. Tungo zake zilimwinua mfalme bila kumdai chochote. Hizo ndizo sifa zisizo na deni, na leo hazisomwi ila na wanahistoria.

Alexander Pope alifanya kinyume chake. Mwaka wa 1737 alichapisha waraka wa kishairi unaomsemesha Mfalme George wa Pili kana kwamba ni Augusto, mfalme mkuu wa Roma aliyewatunza washairi. Kwa juu juu ni sifa tupu. Lakini kila msomaji wa wakati ule alijua kwamba George wa Pili hakuwa mpenzi wa mashairi wala hakufanana na Augusto. Kadiri sifa zilivyopanda ndivyo mfalme alivyopungua. Mtahiniwa anayeandika kwamba toni hapo ni ya kusifu atakuwa amesikia maneno asisikie sauti. Toni ni ya kejeli, na ushahidi ni umbali uliopo kati ya sifa na mwenye kusifiwa.

Hata wanyama walipata sehemu yao. Thomas Gray alimtungia shairi la heshima paka wa rafiki yake Horace Walpole, aliyezama katika chombo cha samaki mwaka wa 1747. Hiyo ni tondozi ya utani: lugha ya mashujaa imewekwa juu ya paka ili wanadamu wenye tamaa waonywe.

Boston: sifa katika kinywa cha mtumwa

Mfano wenye uzito kuliko yote ya karne hiyo, kwa msomaji wa Kiafrika, ni wa Phillis Wheatley. Alichukuliwa Afrika Magharibi akiwa mtoto wa miaka saba au minane, akauzwa Boston mwaka wa 1761. Diwani yake ilichapishwa London mwaka wa 1773. Kwa kuwa wengi hawakuamini kwamba msichana mtumwa angeweza kutunga mashairi, kitabu kilitanguliwa na barua iliyotiwa sahihi na waungwana 18 wa Boston waliothibitisha kwamba kazi ni yake.

Miongoni mwa tungo hizo limo shairi la kumsifu Lodi Dartmouth, aliyekuwa amepewa wizara ya makoloni mwaka wa 1772. Wheatley anampongeza na kumsifu kama rafiki wa uhuru. Kisha, katikati ya sifa, anamweleza mapenzi yake mwenyewe ya uhuru yalikotoka: aliporwa Afrika, na mzazi wake akaachwa na uchungu. Hamlaumu Lodi wala hamwombi kitu waziwazi. Lakini ukishaitwa rafiki wa uhuru na mtu ambaye bado ni mtumwa, utalijibuje jina hilo? Wheatley hakuwa na kura, mali wala silaha. Alichokuwa nacho ni haki ya kusifu, na aliitumia kudai.

Mwanafunzi akilisoma shairi hilo kama maelezo juu ya wema wa Lodi, hatakuwa amelisoma.

Voi: mgeni na ndovu

Turudi nyumbani. Katika shule zetu, sifo hai zaidi haimo kitabuni. Ni lile shairi la kumkaribisha mgeni wa heshima. Tunajua desturi zake: mgeni huitwa nyota, taa, mwamba na chemchemi. Tafakari neno "chemchemi" linapotamkwa Voi. Chemchemi za Mzima zimo ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, na tangu miaka ya 1950 bomba lake limekuwa likipeleka maji Mombasa. Mwanafunzi anayejua ndoo tupu ni nini, akimwita kiongozi "chemchemi yetu", anaweza kuwa anarudia istiari kavu aliyopewa, au anaweza kuwa anadai. Tofauti haiko katika neno. Iko katika mshororo unaofuata. Je, unamwacha mgeni aende na jina lake, au unamkumbusha chemchemi hufanya kazi gani?

Hapa mwalimu ana wajibu. Tukiwafunza watoto kutunga sifa zisizodai kitu, tunawafunza kujipendekeza, na tunaliita zoezi hilo ushairi. Mtoto anayesifu kwa ukweli na adabu, akaacha deni mezani, amefanya alichofanya Wheatley.

Tondozi nayo ina mtihani wake kwetu. Takriban asilimia 62 ya eneo la Taita Taveta ni mbuga za Tsavo. Ndovu anayesifiwa na ulimwengu ndiye anayevunja ua wa mkulima usiku wa manane. Mwaka wa 2014 ndovu Satao, aliyejulikana kwa pembe zake ndefu, aliuawa na majangili huko Tsavo, na wengi walimlilia. Mkulima aliyepoteza mahindi ya msimu mzima naye ana kilio chake. Mwanafunzi wetu ameyaona yote mawili. Ubeti ufuatao umetungwa kwa ajili ya makala haya:

Ndovu nguzo ya nyikani, mwenye pembe za fahari,
Upitapo vichakani, ndege hutoa habari,
Wageni toka ng'amboni, hukujia kwa magari,
Mbona waja na shambani, wanitaka nihajiri?

Majibu ya mfano

(a) Bainisha nafsineni na nafsinenewa. (alama 2)
Nafsineni ni mkulima anayeishi karibu na mbuga, kwani anataja shamba lake na hofu ya kuhama. Nafsinenewa ni ndovu.

(b) Taja na ueleze mbinu mbili za lugha. (alama 4)
Ritifaa: ndovu anasemeshwa kana kwamba anaelewa na anaweza kujibu. Swali la balagha: mkulima anauliza sababu ya kuvamiwa bila kutarajia jibu la ndovu. Istiari, ndovu kuitwa nguzo, pia ikubaliwe.

(c) Eleza toni ya ubeti huu. (alama 2)
Toni inabadilika. Mishororo mitatu ya kwanza ni ya kusifu, na wa nne ni wa kulalamika. Malalamiko hayafuti sifa. Yanapata nguvu kutokana nazo.

(d) Nani mwingine analengwa? (alama 2)
Wenye mamlaka ya mbuga na wageni wanaofurahia ndovu. Ndovu hawezi kujibu swali. Wao wanaweza.

Mtahini anayesisitiza toni moja tu katika (c) atamwadhibu mtahiniwa aliyesoma vizuri zaidi. Tuwe tayari kukubali toni mbili, mradi kila moja ina ushahidi wa mshororo.

Hitimisho

Mtahiniwa, utakapokutana na shairi la sifa katika Karatasi ya Tatu, fanya hesabu zako za vina na mizani, kisha ujiulize maswali matatu. Kwanza, nani anaambiwa, na je, yupo? Pili, nani mwingine anasikia? Tatu, baada ya sifa hizi anadaiwa nini? Ukikosa jibu la swali la tatu, rudi usome mshororo wa mwisho wa kila ubeti, au kibwagizo kikiwepo, kwani mara nyingi ndiko mdai hujificha. Ikiwa kweli hakuna deni lolote, sema hivyo bila woga: huo nao ni uhakiki.

Nawe mwalimu, mgeni ajaye shuleni asomewe shairi lililotungwa na wanafunzi wenyewe, lenye heshima zote anazostahili na deni moja lisiloweza kusahaulika.