Jicho la Mbali na Jicho la Gizani

Jumamosi moja asubuhi mpwa wangu alifika kwangu Pasiansi akiwa na mifuko miwili begani na fundo moja moyoni. Mama yake, ambaye ni dada yangu mkubwa, alikuwa ameuza fungu lake katika mtumbwi wa dagaa ili kijana anunue kamera ya kufanyia kazi. Fungu lile lilikuwa limemlisha miaka tisa. Fedha iliyopatikana ilitosha kamera moja tu, tena ya mtumba, na muuzaji alikuwa amekubali kumwazima mbili kwa siku nne ili achague. "Mjomba," akaniambia, "wewe ulipiga picha enzi za filamu. Nisaidie nisije nikaitupa hela ya mama."

Mimi si fundi, nakiri mapema. Zamani nilipiga picha za harusi na kipaimara kwa Yashica ya kuazima, filamu ya picha 36, na kila nilipobonyeza nilisikia shilingi ikianguka. Lakini aliyewahi kulipia kila kosa lake hujifunza kuangalia kabla ya kubonyeza, na nikaona pengine hilo linatosha kunifanya mshauri. Hivyo tukakubaliana: siku nne, kamera mbili, na mambo yetu ya kila siku yawe mtihani.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Kamera ya kwanza ilikuwa Nikon Coolpix P900, iliyotoka mwaka 2015. Aina hii wenyewe huiita kamera ya daraja, kwa kuwa imesimama kati ya kamera ndogo za mfukoni na zile kubwa za mafundi. Sisi wa Mwanza tunajua maana ya daraja. Mpaka lilipofunguliwa la Kigongo na Busisi mwaka 2025, takriban kilometa 3 juu ya maji, tulikuwa tukingoja kivuko. Daraja halikuhamishi ng'ambo. Linakuwezesha kufika na kurudi. Kamera hii nayo ni hivyo hivyo. Lenzi yake haitoki, lakini huvuta mara 83: inaanza na mandhari pana kama uwanja mzima wa Kirumba, na kidole kikiendelea kubonyeza, inaishia kwenye sura ya mtu mmoja jukwaani.

Ya pili ilikuwa Sony a6000, ya mwaka 2014. Hii ni ya jamii ya kamera zisizo na kioo. Kamera za mafundi za zamani zilikuwa na kioo ndani, kilichopeleka taswira kwenye jicho la mpiga picha na kuruka juu kila anapobonyeza. Mwaka 2008 kampuni ya Panasonic ilitoa kamera ya kwanza ya kubadilisha lenzi iliyokiondoa kabisa kioo hicho kwa njia ya kidijiti. Taswira ikaonekana kwenye skrini ndogo badala yake. Mwili ukawa mwembamba na mwepesi. Hii ya mpwa wangu, bila lenzi, ilikuwa na uzito wa gramu 344, ilhali ile ya daraja ilikaribia gramu 900. Kijana alizipima mkononi akacheka: kubwa ndiyo ya bei ya chini, ndogo ndiyo ya bei ya juu.

Tofauti yenyewe hasa haionekani kwa nje. Ndani ya kila kamera ya siku hizi kuna kibao kinachopokea mwanga mahali ilipokuwa filamu. Cha P900 hakizidi punje ya hindi. Cha a6000 kina milimita 23.5 kwa 15.6, yaani eneo kubwa zaidi mara 13 hivi. Nilimweleza kijana kwa mfano wa mvua. Ukiweka kopo na karai uani, mvua inayonyesha ni ile ile, lakini ukienda kuchota asubuhi, karai lina maji ya kuoga na kopo lina ya kunawa uso. Masika yakiwa makubwa hutaona tofauti, kwa sababu hata kopo limejaa. Ni katika manyunyu ndipo kopo linapoumbuka. Mwanga ni mvua hiyo.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kopo. Nyuma ya nyumba kuna mawe makubwa, na juu ya mawe wanaota jua wale mijusi wetu wenye kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu. Ukiwasogelea hatua kumi wanaingia ufani. Kijana alikaa kwenye kigoda, akavuta kwa P900, akapata jicho la mjusi, magamba ya shingo, na mdudu mguuni. Kwa a6000 na lenzi yake fupi alipata jiwe zuri sana lenye nukta nyekundu. Alasiri tuliteremka ziwani. Furukombe alikuwa amekaa juu ya mti, na minandi walikuwa wakianika mabawa mwambani. Hadithi ikawa ile ile. Ili a6000 ijaribu kumfuata furukombe angalau kidogo, ingebidi kununua lenzi nyingine, na hata ile ya bei nafuu ya 55 hadi 210 isingefika hata robo ya uvutaji wa P900.

Kwa hiyo mtu asidanganywe na mafundi wanaoibeza kamera ya daraja. Mwongoza watalii wa Saanane, kisiwa kilichokuwa bustani ya wanyama tangu mwaka 1964 na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, ana haja nayo. Vijana wa hapa jirani katika Chuo cha Mafunzo ya Uhifadhi Wanyamapori Pasiansi, kilichoanza mwaka 1966, wanafundishwa kazi ambayo ndani yake kusogea karibu ni kosa. Mnyama hahitaji hodi yetu; anahitaji tukae mbali. Na kwa kuwa lenzi haifunguliwi, vumbi halipati mlango mpana wa kuingia. Ile nyingine, kila ukibadilisha lenzi unaacha kibao wazi kwa upepo wa ufukoni.

Siku ya pili ilianza kutufundisha mipaka. Tulikwenda Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, saa sita mchana, dada yangu akiwa kazini na wenzake wakigeuza dagaa juani. Kijana alisimama mbali, mita mia mbili hivi, akavuta mpaka mwisho. Kwa umbali huo fremu inabeba upana wa mita tatu na nusu, nao wakatosha wanawake watatu. Lakini mchanga ulikuwa umeungua, na hewa iliyo juu yake ilitetemeka kama maji ya sufuria yanayokaribia kuchemka. Pindo za kanga zilikuwa kama zinayeyuka. Hilo si kosa la kamera. Lenzi inayovuta mbali huvuta pia hewa yote iliyo katikati, na hakuna kiwanda kinachoweza kuisafisha. Anayenunua mara 83 ajue kwamba mchana wa ziwani atatumia sehemu tu ya alichonunua. Iliyobaki ni ya asubuhi, kabla jua halijapanda.

Tulipomfikia dada na kumwonyesha, alikunja uso. "Kwa hiyo mlikuwa mnanichungulia kama wezi?" Kijana akainamisha kichwa. Mimi nikatazama pembeni, maana kwa kweli swali lilikuwa langu.

Siku ya tatu tulingoja giza. Hapa kwetu jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, na likishazama halichelewi kuondoka na mwanga wake. Mbalamwezi hakukuwa na hata kipande, na kwa hiyo mitumbwi ya dagaa ilikuwa kazini. Wavuvi wa dagaa huvuta samaki kwa taa, zamani karabai na sasa aghalabu taa za betri; usiku wa mwezi mpevu taa zao hazina nguvu, nao hupumzika. Nikaona ajabu moja. Sifa kubwa ya P900 duniani ni kupiga picha ya mwezi: ukivuta mpaka mwisho, mwezi unakaribia kuijaza fremu, mashimo yake yote yakionekana. Yaani ni kamera ya usiku ambao ziwa halina kitu. Usiku ambao ziwa limejaa watu wanaotafuta chakula cha mkoa mzima, kopo lilibaki na manyunyu. Taa zilitoka kama madoa na kando yake chenga tupu. Tukaiweka juu ya mkungu wa miguu mitatu tukaiacha imeze mwanga kwa sekunde kadhaa. Milima ya ng'ambo ikatulia, lakini mitumbwi haitulii, na kila taa ikawa mchirizi. A6000 ilihitaji muda mfupi zaidi, ikaleta mstari wa taa kama mji ulioota juu ya maji, na chini ya taa ya karibu ukaona mabega ya watu.

Tukarudi kwa dada. Alikuwa jikoni, balbu moja ya sola ukutani, mvuke wa ugali ukipanda. Kijana safari hii aliomba ruhusa. Mama akajifunga kanga upya, akakaa wima, akatazama lenzi. Ya P900 ilimpaka uso kama nta, mikunjo yote ikasombwa na mashine iliyojitahidi kuficha chenga. Ya a6000 ilileta mikunjo, weupe wa nywele karibu na sikio, na gamba moja dogo la dagaa kwenye ukucha wa gumba. Nilipoiona nilinyamaza. Uso ule nilikuwa nimeuona tangu nilipojua kuona, na sikuwa nimeutazama.

Msomaji atasema kwamba siku hizi simu hufanya yote hayo. Simu hufanya mengi, sibishi. Lakini anayelipwa kwenda kupiga sherehe ya watu hawezi kufika na kitu kile kile walicho nacho wageni wote mfukoni, na katika ukumbi wenye mwanga hafifu kibao kidogo ni kibao kidogo, kiwe ndani ya simu au ndani ya kamera nzito.

Usiku ule nilitoa hukumu yangu. Kazi ya kijana itakuwa kumbi za harusi, kanisa alfajiri, ngoma usiku, na misiba, ambako mtu hawashi flashi usoni pa mfiwa. Hayo yote yako karibu, na yote yana manyunyu ya mwanga. Achukue karai. Avumilie lenzi moja mpaka afanye kazi ya kumnunulia ya pili, na anunue betri ya akiba kabla ya kitu kingine, kwa sababu skrini ile hula umeme. Niliona nimemaliza.

Siku ya nne tulipeleka picha mbili kusafishwa mjini, ya Mwaloni na ya jikoni, tukampelekea dada achague ya kuweka ukutani. Sikuwa na shaka yoyote juu ya jibu. Ya jikoni aliitazama kwa heshima, akaiweka mezani. Ile ya Mwaloni, yenye pindo zilizoyeyuka, aliishika muda mrefu. Wanawake watatu, mmoja ameinama, mwingine amerusha mkono, na katikati yeye, kichwa nyuma, mdomo wazi, anacheka.

"Hii ndiyo nataka," akasema.

"Mama, si ulikasirika?"

"Nilikasirika ndiyo. Lakini hapa nilikuwa nacheka. Pale jikoni nilikuwa nawangoja mmalize."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko nilivyofikiria milimita na gramu. Sikubadili ushauri, na kijana alinunua a6000. Fedha ya mama lazima irudi, na itarudi kutoka kumbini. Lakini niliona kwamba nilipima kamera nikasahau kupima kitu kimoja. Kamera ya daraja humpa mtu umbali, na umbali ule unamwachia anayepigwa uso wake wa kila siku, japo kwa kumwibia. Kamera ya karibu haiibi, ila inampa mtu nafasi ya kuuficha uso huo. Mwenye lenzi fupi anayetaka kicheko kile hana budi kukipata kwa njia nyingine: aende Mwaloni asubuhi, ageuze dagaa na wenzake mama, akae mpaka wachoke kumtazama. Mara 83 zile atazilipa kwa siku.

Kijana ameanza. Juzi dada alilalamika kwamba mwanawe anashinda ufukoni na kamera shingoni na picha hapigi, na kwamba wenzake sasa wanamtuma maji.