Kijani cha Usiku wa Machame

Saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa bado chini, jani la mgomba halina rangi moja. Ukisimama katikati ya kihamba, shamba la nyumbani la Wachagga, huko Machame kwenye miteremko ya Kilimanjaro, jani lililo kati yako na jua linang'aa kijani cha manjano, kana kwamba limewashwa kwa ndani. Geuka nyuma. Jani la mgomba uleule, linalopigwa na jua usoni, limepauka na kuelekea samawati, karibu na kijivu. Upepo ukishayachana majani, kila ukanda hushika mwanga wake, na jicho hukosa pa kutulia. Linaruka ukanda hadi ukanda, linashuka kwenye mibuni chini ya migomba, linapanda tena.

Mchoraji Sam Joseph Ntiro alizaliwa huko, mwaka 1923. Machame ilikuwa imeshaona shule na makanisa: wamisheni wa Kilutheri wa Leipzig walifika mwaka 1893. Kijana akasoma, akavuka hadi Makerere miaka ya 1940, na huko akamkuta Margaret Trowell, mwalimu aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Kampala. Trowell hakuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya wazinakili. Aliwasimulia tukio kwa maneno, kisha kila mmoja achore alichokiona akilini.

Njia hiyo ilimfaa mtu aliyekuwa mbali na kwao. Ntiro aliichora Kilimanjaro akiwa Uganda na akiwa Uingereza, miaka nenda miaka rudi, na alichochora ni kile ambacho kumbukumbu huhifadhi. Kumbukumbu haihifadhi jani. Inahifadhi mpangilio: migomba ilivyofuatana, watu walivyoinama kwa pamoja shambani, mfongo, mfereji wa maji, ulivyokata mteremko.

Kuanzia 1952 hadi 1955 alikuwa London, katika shule ya sanaa ya Slade. Miaka hiyohiyo mitatu, katika jiji hilohilo, msichana aitwaye Bridget Riley alikuwa akisoma katika chuo kingine, Royal College of Art. Riley ndiye aliyekuja kuchora mistari na miraba ya weusi na weupe inayofanya turubai ionekane kupumua, kuyumba, hata kumtia mtazamaji kizunguzungu. Katika picha yake ya 1961, miraba inasongamana kidogo kidogo hadi jicho linaamini kuwa uso wa picha umekunjika. Hakuna mtu wala mti katika picha zile. Ntiro, kwa upande wake, hakuacha kuchora watu na miti hata siku moja. Ukiwatazama kwa haraka, hawana linalowakutanisha.

Ila tazama Ntiro anavyoijenga picha. Watu wake ni wadogo, wengi, wa kimo kinachokaribiana, na hakuna anayejitokeza kutudai tumtazame yeye peke yake. Mti wa mbali umechorwa kwa ukali uleule wa mti wa karibu. Umbo moja linarudiwa na kurudiwa, kila mara likiwa na tofauti ndogo: jani hili limeinama zaidi, mgongo ule umenyooka. Hakuna kitovu. Jicho linalazimika kutembea, kama mtu anayepita kihambani kwa njia nyembamba akiongozwa na safu za masale mpakani. Kurudia kwa tofauti ndogo ndiyo kazi ambayo Riley aliifanya kwa miraba. Ntiro aliifanya kwa migomba, naye alikuwa amejifunza kabla hajaijua brashi.

Slade ilisifika kwa kuwafundisha wanafunzi kumchora mtu aliye mbele yao, kwa mifupa na misuli yake, na kwa kanuni ya kuvipunguza vitu vya mbali. Ntiro aliyapata yote hayo, akarudi Makerere kufundisha, na mkono wake ukabaki vilevile. Wapo waliosema anachora kitoto. Hukumu hiyo haikumtendea haki. Mtu aliyekaa miaka mitatu katika shule ile, kisha akachagua picha bapa isiyo na kitovu, anajua anachokataa na kwa nini anakikataa.

Ugumu mkubwa wa Ntiro ulikuwa rangi moja: kijani. Rangi huonekana kutegemea jirani zake. Kule Paris, katika karne ya 19, mkemia Michel Eugène Chevreul alisimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins. Watu walilalamika kuwa nyuzi nyeusi zimefifia. Chevreul alizichunguza, akaona dawa haina kosa: weusi ule ulionekana dhaifu kwa sababu ya rangi zilizowekwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima juu ya jambo hilo, na wachoraji wa Ulaya wakakisoma kwa vizazi. Mama anayechagua kanga dukani analijua bila kitabu, ndiyo maana huivuta moja kando ya nyingine kabla ya kuamua. Kuweka nyekundu kando ya kijani ni rahisi, kila moja inaikoleza nyingine. Kuweka kijani kando ya kijani, tena kando ya kijani, na bado kila mgomba usimame peke yake, hapo ndipo fundi anapojulikana. Asipozitenganisha rangi vizuri, shamba zima linageuka kuwa uji.

Kisha Ntiro akaongeza ugumu juu ya ugumu: akachora usiku.

Picha hiyo ni ya 1956, rangi za mafuta juu ya turubai, sentimita 41 kwa 51 hivi, na jina lake linaeleza tukio: wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi, usiku. Kwa Wachagga huo si mzigo mdogo. Mbege haiji kwa siku moja. Ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa siku kadhaa zichachuke, kimea cha ulezi kinaongezwa, na gome la msesewe linatia uchungu. Kinachopelekwa gizani ni kazi ya wiki nzima na heshima ya ukoo mzima. Ntiro alizijua mila hizi kwa kalamu pia: mwaka 1953, akiwa mwanafunzi London, kitabu chake cha Kiswahili, Desturi za Wachagga, kilichapishwa Nairobi.

Usiku jicho hubadilika. Seli zinazotambua rangi huhitaji mwanga mwingi, na giza linapoingia huziachia kazi seli nyingine, zinazotambua mwanga tu. Kabla giza halijakamilika, wakati wa magharibi, nyekundu hufa kwanza na kuwa nyeusi, huku kijani na samawati vikiendelea kung'aa kwa muda. Jan Purkyně, mwanasayansi wa Bohemia, aliliona jambo hilo mwanzoni mwa karne ya 19 alipotazama maua alfajiri na kukuta majani yanang'aa kuliko maua yenyewe. Mtoto wa Machame aliyetumwa kwa jirani jioni aliliona pia: shuka jekundu la mtu limezama gizani, migomba bado ipo.

Mwaka 1960 picha ile ilinunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Mwaka 1965 jumba hilohilo liliandaa maonyesho makubwa ya wachoraji wanaolichezea jicho, Riley akiwa mmojawapo pamoja na Victor Vasarely, na maduka ya nguo yakayapokea kwa shangwe. Watu wengi waliziita picha hizo kiinimacho. Neno hilo linafaa kwa mwanamazingaombwe anayeficha sarafu. Mchoraji hafichi kitu. Anaweka rangi wazi, mahali pake, na kinachotokea baada ya hapo kinatokea ndani ya mtazamaji.

Wakati huo Ntiro alikuwa ameshamaliza kazi nyingine kabisa. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, alirudi London kuiwakilisha nchi, akakaa huko hadi 1964. Baadaye alifundisha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993.

Siku hizi taa za umeme zimefika vihambani, na anayepita usiku huwasha tochi ya simu. Tochi humwonyesha hatua mbili za njia na kuua kila kitu pembeni. Ikizimwa, jicho huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza kikamilifu. Dakika za mwanzo ni weusi mtupu na sauti ya maji mfongoni. Kisha anga hujitenga na majani. Kisha jani hujitenga na jani, kijivu juu ya kijivu, na mgomba wa kwanza husimama kando ya njia, na nyuma yake wa pili.