Nyama za Puani: Kizuizi Kilichojificha Juu ya Kimeo

Adenoidi, ambazo mitaani huitwa nyama za puani, ni kinyama laini cha kinga ya mwili kilicho juu ya koromeo, pale matundu mawili ya pua yanapoishia kwa nyuma. Kila mtoto anacho. Hukua upesi kati ya umri wa miaka 2 na 7, kisha husinyaa balehe inapokaribia. Kikizidi nafasi iliyopo, mtoto hupumua kwa mdomo, hukoroma na kulala ameinua kidevu. Wengine husita kupumua kwa sekunde kadhaa, kisha hushtuka wakitweta. Mlango wa mrija unaoingiza hewa katika sikio la kati uko jirani kabisa, nao ukizibwa, maji hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio. Ndiyo maana baadhi ya watoto wanaokemewa kwa ukaidi kwa kweli hawasikii vizuri.

Mtoto akiambiwa apanue mdomo, adenoidi hazionekani: zimefichwa na kaakaa laini. Kinachoonekana ni mafindofindo ya pembeni na kimeo kinachoning'inia katikati, na lawama huangukia hapo. Katika mwambao wa Dar es Salaam hadi Bagamoyo, kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, kimeo kimelaumiwa tangu zamani kwa kikohozi kisichoisha, kutapika na kudhoofu, na watoto hupelekwa kwa wakata kimeo. Mwaka 1984 J. J. Manni aliueleza utaratibu huo katika jarida la kitabibu. Kwa mtoto anayekoroma kwa sababu ya adenoidi, ukataji huo hauna maana yoyote, kwani makali hupita chini ya kaakaa ilhali kizuizi kiko juu yake. Kinachobaki ni hatari tupu: kutoka damu nyingi, pepopunda, hata VVU kifaa kikitumika kwa zaidi ya mtoto mmoja.

Uchunguzi huanza kwa maelezo ya mzazi, na video fupi ya mtoto akiwa usingizini, iliyochukuliwa kwa simu, humsaidia daktari kuliko maneno mengi. Picha ya eksirei ya shingo, iliyopigwa kwa upande, huonyesha kivuli cha kinyama na upana wa njia ya hewa iliyobaki. Palipo na mtaalamu wa masikio, pua na koo, endoskopi nyembamba hupitishwa puani na adenoidi zikaonekana zenyewe. Pua ikiziba upande mmoja tu na kutoa usaha wenye harufu mbaya, hapo hushukiwa kwanza shanga au punje ya mahindi iliyokwama humo.

Si kila anayekoroma hupasuliwa. Kwa hali isiyo kali hutumika dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, kwa wiki kadhaa, kisha mtoto hupimwa tena. Akiwa karibu na umri wa kusinyaa kwa kinyama, kusubiri ni uamuzi halali. Upasuaji hupendekezwa pumzi inapokatika usingizini, au maji ya sikioni yanapokataa kuisha. Kwa familia ya Bagamoyo hilo mara nyingi humaanisha safari ya kama kilomita 70 kwenda Dar es Salaam, kwa mabingwa wa Hospitali ya Muhimbili.

Mtoto mwenye selimundu hutazamwa kwa uangalifu wa pekee, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wa namna hiyo duniani. Oksijeni inaposhuka usiku, chembe zake nyekundu hujikunja na kuziba mishipa, hivyo kukoroma kwake si jambo la kupuuza. Kabla ya nusu kaputi hupewa maji ya kutosha, hukingwa na baridi, na mara nyingine huongezewa damu.

Mwaka 1868 Hans Wilhelm Meyer wa Copenhagen, aliyeueleza ugonjwa wa adenoidi kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu, aliziondoa kwa kuingiza kisu chenye umbo la pete kupitia puani huku kidole chake kikikiongoza kutoka mdomoni. Leo njia ni ya mdomoni. Mtoto aliyelala kwa nusu kaputi, mpira wa kupumulia ukiwa kooni, hulazwa chali shingo ikiwa imenyooshwa nyuma, na mdomo huachamishwa kwa chuma maalumu. Kwanza daktari hupapasa kaakaa kwa kidole: likiwa na mpasuko uliofichika chini ya ngozi yake laini, mpango hubadilika. Kisha kyureta, kifaa chenye makali yaliyopinda, huingizwa nyuma ya kaakaa na kukwangua kinyama kwa kushuka. Shashi hukandamizwa hapo kwa dakika chache. Damu ikikoma, sehemu hukaguliwa kwa kioo kidogo, na damu iliyoganda nyuma ya kaakaa hufyonzwa, kwa kuwa inaweza kuangukia njia ya hewa mtoto anapozinduka. Hospitali zenye vifaa zaidi hutumia umeme au mawimbi ya redio, ambavyo hupunguza damu.

Hatari kubwa ya kutoka damu iko ndani ya saa 24 za kwanza. Sauti ya puani kwa siku au wiki chache ni ya kawaida, kwani kaakaa lililozoea kugusa kinyama sasa lazima lifike mbali zaidi ili kuziba njia ya pua wakati wa kusema na kumeza. Kwa mtoto ambaye kaakaa lake ni fupi au lina mpasuko, daktari huondoa sehemu ya juu tu ya adenoidi na kuacha ukingo wa chini, kaakaa lipate pa kugusa.