« Irrecevable » haimaanishi umeshindwa

Wandugu wasomi, leo ninajikosoa mimi mwenyewe mbele ya kukosoa tribinali.

Nilikuwa ndiyo nimepata licence. Mama mdogo akaniomba nimusindikize kusikiliza hukumu ya kiwanja chake. Juji akasoma Kifaransa mbio-mbio: « demande irrecevable pour défaut de qualité ». Tulipotoka akaniuliza: « Mwanangu, amesema nini? » Nikamujibu bila wasiwasi: « Mama, tumeshindwa. » Akalia, akaacha kesi.

Nilimudanganya bila kujua. « Irrecevable » maana yake ombi halikupokelewa: tribinali haikufika hata kuchunguza kiwanja ni cha nani. « Défaut de qualité » ni kusema hakuonyesha kwamba yeye njo mwenye haki ya kushitaki, maana kiwanja kilikuwa kingali kwa jina la marehemu mume wake. Angeleta karatasi za urithi, angeweza kurudi. Kushindwa kwenyewe kunaitwa « recevable mais non fondée »: tumekupokea, tumechunguza, lakini hauna haki. Siku nilipoelewa hayo, jirani alikuwa amekwisha kupandisha ukuta.

Watu wanasema shida ni kwamba raia hawakusoma. Ninakataa. Mimi nilisoma!

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 149, inasema haki inatolewa kwa jina la raia. Kifungu cha 18 kinalazimisha mtu aliyekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa. Sasa kwa nini mwenye kesi ya kiwanja arudi nyumbani na maneno matupu? Siombi hukumu ziandikwe Kiswahili kesho. Maneno ya sheria yanataka kupimwa, na kazi hiyo ni ya miaka. Ninaomba dakika tano tu kisha kusoma: umekataliwa nini, umebakiza nini, rufaa ni siku ngapi. Kwa kesi ya sivili ni siku 30. Mama mdogo hakuna aliyemwambia.

Lakini lawama ingine ni yetu. Tunaona haya kusema « neno hili silijui, tuulize avoka ». Haya yangu njo ilikula kiwanja.

Na wewe, mara ya mwisho mzazi alikuuliza « amesema nini? », ulitafsiri ao ulibahatisha?