«Marteau» si nyundo: maneno ya kalingi na sisi watafsiri

Bandugu, wakati wa Olimpiki ya baridi banakamataka simu na kucheka kalingi, ule mchezo wa kusukuma jiwe juu ya barafu: «Angalia wakubwa wazima banafagia!» Mimi pia nilicheka. Kisha nikasikiliza maneno yao ya Kifaransa, na hapo njo nilikamatwa.

Mengine yanaingia katika Kiswahili bila kubisha hodi. Ile miduara iliyochorwa kwenye barafu inaitwa «maison», nyumba. Jiwe linalowekwa mbele ili kuziba njia ni «garde», mlinzi. Tafsiri hivyo tu, mama wa soko ataelewa: jiwe liko ndani ya nyumba, mlinzi amesimama mbele. Ufagio unabaki ufagio, hata kama kazi yake kubwa si kuondoa takataka. Unapasha barafu joto kidogo, ili jiwe la karibu kilo 20 lifike mbali na lisipinde sana.

Shida ni «marteau». Katika timu za watu 4, kila timu inatupa mawe 8 kwa kila awamu, kwa zamu. Ile yenye kutupa jiwe la mwisho banasema iko na «marteau». Sasa tuseme «iko na nyundo»? Msikilizaji atatafuta nyundo kwenye barafu, haioni. Mbaya zaidi, atafikiri ni mambo ya kugonga. Kumbe mara mingi timu yenye nafasi hiyo inaacha makusudi awamu iishe 0-0, juu ukipata point, jiwe la mwisho linaenda kwa mpinzani. Pasipo point, linabaki kwako. Kuchukua point 1 tu kunaweza kuwa hasara. Ni sawa mkulima anayelala njaa kidogo ili asikule mbegu. Nyundo inasema nini juu ya hiyo? Hakuna. Mi ningesema «haki ya jiwe la mwisho». Ni ndefu, lakini haidanganyi.

Najua ubaya wa tafsiri ya haraka. Wakati wa stage niliwaambia wakulima «tuzungushe mimea», nikiwaza «rotation des cultures». Mama mmoja akauliza kwa heshima: «Mwanangu, mumea iko na mizizi, tutaizungusha namna gani?» Watu wakacheka, mimi nikatoka jasho. Ningesema tu: mwaka huu mahindi, mwaka ujao maharagi, shamba ni lile lile. Msimu ule kuna waliopanda tena mahindi juu ya mahindi, na kosa lilikuwa langu.

Lakini sitaki kufukuza kila neno la picha. Jiwe linalotembea likiguswa na ufagio ao kiatu cha mchezaji wanaliita «pierre brûlée», jiwe lililoungua. Kuungua kwenye barafu! Hata hivyo ningeliacha vile lilivyo. Mtu akiuliza limeungua namna gani, jibu linamletea kanuni yote: limeguswa, limeharibika, na desturi inaomba aliyeligusa aseme mwenyewe mbele arbitre hajauliza. Ukieleza «nyundo», jibu linapingana na neno lenyewe. Ukieleza «lililoungua», neno linazidi kukaa kichwani.

Mwenye kuwa na neno fupi kuliko «haki ya jiwe la mwisho» alilete, hata likitoka mu Mashi ao mu Kinande.